Laptopu Mbili, Bei Moja: Ya Chuo Utachukua Ipi?

Barua ya kujiunga na chuo imefika. Karo imepatikana kwa kuchangachanga, godoro limenunuliwa, na sasa kuna hizo shilingi 30,000 zimekaa kwenye simu zikingoja laptopu. Ni pesa ambazo hazitapatikana tena mwaka huu. Kwa hivyo kabla hujaingia Luthuli Avenue, au kabla hujaweka PIN kwa duka la mtandaoni, hebu tukae chini kidogo.

Kwa bei hiyo, muuzaji mara nyingi atakuwekea mbili mezani. Ya kwanza ni mpya, iko ndani ya boksi: HP Stream 14, prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Ya pili ni ile tunaita ex-UK: HP EliteBook 840 G5, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Hiyo ni modeli ya 2018, imefanya kazi ofisini huko ng'ambo na kifuniko chake kina mkwaruzo. Tuseme bei ni ile ile.

Wengi hukimbilia mpya, na tunaelewa. Plastiki bado iko kwenye skrini, betri haijaguswa, kuna waranti ya mwaka mmoja. Mzazi naye husema hawezi kumpeleka mtoto chuo na kitu cha mtumba. Lakini upya wa laptopu huisha baada ya wiki mbili, na kozi ni miaka minne.

Angalia kilicho ndani. Celeron N4020 ina kori mbili tu. Core i5 ya kizazi cha nane, kama i5-8250U, ina kori nne, na zinaweza kushika kazi nane kwa wakati mmoja. Fikiria kibanda cha chakula saa saba mchana: kimoja kina wapishi wawili, kingine wanne wenye mikono myepesi. Asubuhi hakuna tofauti. Ni pale wateja wanapojaa ndipo utajua. Kwa komredi, kujaa ni kufungua Word, PDF tatu za lekchara, tabo kumi za Chrome, na Zoom juu yake. Hapo ndipo laptopu inaanza kuhanga, na wewe ndio ulikuwa unatakiwa kuwasilisha.

Halafu kuna RAM na hifadhi, na hapa ndipo sisi tungekaa sana. RAM ni meza unayofanyia kazi, hifadhi ni stoo. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wenyewe wameweka. Hiyo Stream imepita mtihani kwa alama ya mwisho. Katika zile GB 64, Windows peke yake inachukua zaidi ya 20, kisha Office, kisha masasisho ambayo nayo yanahitaji nafasi ya kupumulia. Mwaka wa pili unajikuta unafuta noti za mwaka wa kwanza ili laptopu ijisasishe.

Na huwezi kuongeza. Kwenye Stream, RAM na hiyo eMMC vimechomelewa kwenye bodi. EliteBook 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, unaweza kwenda hadi GB 32, na SSD yake hutolewa ikawekwa kubwa. Maana yake ni kwamba mwaka wa tatu, pesa za HELB zikiingia, fundi anakuongezea RAM mkiwa mnapiga stori. Kwetu sisi hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua 840 G5.

Kuna mtego mmoja kwenye hizi za ex-UK. Kando ya 840 G5 utaona 840 G3 inayofanana nayo kwa mbali, bei iko chini, na muuzaji atakuambia ni i5 pia. Ni kweli ni i5, lakini ya kizazi cha sita, na kizazi hicho hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Windows 10 nayo iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kujua ni rahisi: soma nambari inayofuata i5. i5-6300U huanza na 6, hiyo iache. i5-8250U au i5-8350U huanza na 8, hiyo sawa.

Je, Stream haifai mtu yeyote? Inafaa. Kama kazi yako ni kuchapa insha, kusoma barua pepe na kuingia kwenye mtandao wa chuo, na unataka betri mpya bila kubahatisha, itakutosha. Na kama kozi ni ya usanifu wa majengo au uhandisi wenye michoro mizito, usinunue yoyote kati ya hizi mbili kabla hujauliza idarani programu gani inatumika.

Ukiwa dukani, usione haya

Ex-UK lazima ipimwe mbele yako, tena ikiwa imechomolewa kwa stima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager, uingie sehemu ya Performance. Hapo utaona prosesa, RAM na nafasi za RAM zilizotumika. Kama muuzaji alisema GB 8 na skrini inasema 4, mazungumzo yameisha.

Betri ndiyo ugonjwa wa laptopu zilizotumika. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, ufungue, kisha uandike powercfg /batteryreport. Itakuonyesha ripoti imehifadhiwa wapi. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 25,000, betri imebaki nusu. Hapo unaomba betri nyingine au bei ishuke.

Izime, iwashe huku ukigongagonga F10. Ikidai nenosiri la msimamizi ambalo muuzaji hana, hiyo bado ina kufuli la ofisi ilikotoka. Wacha. Kibodi ijaribu kila kitufe, kamera pia, na kila tundu la USB kwa flashi yako mwenyewe.

Kulipa

Lipa kwa nambari ya Till au Paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa "Till iko na shida leo, tuma kwa hii namba yangu", kumbuka kwamba umetuma kwa mtu, hujalipa duka, na akishatoa hizo pesa kuzirudisha huwa ni vita. Ya mtandaoni, lipa ikifika na ukishaiwasha. Anayetaka yote kwanza "kwa sababu wateja ni wengi" mwachie hao wateja wengi.

Kama pesa hazijatosha na unafikiria lipa polepole, piga kalkuleta kwanza. Tuseme unaweka amana ya 10,000 kisha 120 kwa siku kwa mwaka mzima. Ile 120 inaonekana kama chai na maandazi, lakini kwa siku 365 ni 43,800. Laptopu ya 30,000 imekufikisha 53,800. Hiyo 23,800 ya juu ingekuwa kodi ya hosteli, au ungengoja miezi michache ukiweka kando ile ile 120.

Risiti iandikwe modeli, muda wa waranti na nambari ya siri ya mashine, ile serial iliyo chini ya laptopu. Kwenye HP nyingi, ukibonyeza Fn na Esc pamoja nambari hiyo hutokea pia kwenye skrini, zilingane. Ujumbe wa malipo usiufute mpaka waranti iishe, na upige picha ya risiti, kwa sababu ile karatasi hufifia kabla muhula haujaisha.