Ile Bahasha ya Kemisti

Wadogo zangu wa Nyamage, Mwembe na huko Nyamira, leo tuongee kuhusu ile bahasha ndogo ya kaki. Mnaijua. Unafika kaunta ya kemisti, nyuma yako kuna foleni, unanong'ona, "Nipe ya homa na ya tumbo." Huulizwi umeanza kuumwa lini. Vidonge vya rangi mbili vinahesabiwa na kutiwa ndani, juu inaandikwa 1×3 na 2×2, unalipa, unaondoka. Jina la dawa halipo. Wiki ijayo ukizidiwa na daktari akuulize ulimeza nini, utamjibu vipi? "Vile vyekundu"?

Sisemi wenye kemisti ni wabaya. Wapo wafamasia waliosomea kazi yao, na hao ndio wa kwanza kukutuma ukapimwe. Lakini kaunta imewekwa pale kuuza dawa, nawe unaitaka ikupime.

Chukua malaria. Wengi mnajiambia Kisii ni baridi, mbu ni wa watu wa ziwani. Kweli huku milimani malaria haikai nasi mwaka mzima kama kule, ila kwa sababu hiyo hiyo miili yetu haijaizoea, na ikilipuka hutuangusha vibaya. Halafu kuna nyinyi mnaorudi chuoni kutoka Homa Bay na Migori mkiwa mmeibeba. Homa hiyo hiyo inaweza pia kuwa ya mafua, taifodi, au maambukizi ya njia ya mkojo. Tone la damu kidoleni na dakika chache za kungoja zitakuondolea kubahatisha. Na ukipewa AL, dawa ya malaria, dozi ni sita kwa siku tatu. Usimeze mbili, ukapata nafuu, ukamwekea rumeti zilizobaki!

"Lakini dada, sina pesa." Nimekusikia. Sasa toa karatasi yako ya karo uitazame vizuri. Vyuo vyetu vya umma kwa kawaida huweka humo ada ya matibabu. Umeshailipia zahanati ya chuo, na pengine hata mlango wake huujui.

Kisha kuna SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure: piga *147#, kitambulisho kikiwa mkononi. Ukishaandikishwa, zahanati na vituo vya afya vya serikali vinatakiwa kukuhudumia bila malipo, hata kama hujawahi kuchangia shilingi. Hospitali kubwa ni habari nyingine. Kule lazima mchango uwe umelipwa. Wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mpigo. Kama mzazi wako anachangia, mpigie leo umuulize kama amekuandikisha, maana mwanafunzi asiye na kipato anaweza kuhesabiwa chini ya mzazi hadi afikapo miaka 25. Lakini hata mchango ukiwa umelipwa, kikohozi cha siku mbili kisikupeleke KTRH, hospitali kuu ya rufaa ya Kisii, ukapange foleni na wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti nzima. Anza karibu. Ndiyo, siku nyingine dawa huwa zimeisha kituoni, na hilo linaudhi. Basi utaandikiwa, nawe utaenda kwa kemisti na karatasi yenye jina la dawa.

Dharura haina mjadala: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Sasa tufike kwenye sababu msiyoitaja. Huku Gusii tunajuana mno. Nesi ni binamu ya mama, na siku ya Sabato anakaa benchi moja kanisani na shangazi yako. Ndiyo maana msichana anakaa na muwasho mwezi mzima, na mvulana anayeumia akikojoa anaulizia dawa "ya rafiki yangu". Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu atunze siri yako, na wengi huitunza. Ikiwa huyo mmoja humwamini, panda matatu. Wa Nyamira aje Kisii, wa Kisii aende Keroka. Nauli hiyo si hasara, na SHA utaenda nayo kokote.

Ila usisafiri kutafuta uso mgeni ikiwa kondomu imepasuka au umelazimishwa. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ni ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. PEP ya kuzuia virusi vya HIV nayo ni ndani ya saa 72, kisha unameza kila siku kwa siku 28. P2 haizuii HIV, PEP haizuii mimba, na wengi mnakumbuka ya kwanza tu kwa sababu ndiyo iliyo kemisti. Ukilazimishwa, nenda hospitali kabla ya kuoga na kubadilisha nguo, hata kama ni usiku wa manane. Kwa polisi utaenda baadaye.

Aliyeniuliza kuhusu mtihani alioukosa akiwa mgonjwa: wakati wa kuomba mtihani maalumu utadaiwa ripoti ya daktari yenye tarehe na muhuri. Kwa hiyo nenda zahanati asubuhi hiyo hiyo unayoumwa, hata ukiwa unaburuta miguu, na nakala moja ubaki nayo.