Dondoo muhimu: Kabla ya kununua nyumba kwa simu

Ukionyeshwa nyumba Nairobi, usianze na picha za vigae, anza na hati. Ingia Ardhisasa, mfumo wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021, uitishe upekuzi rasmi kwa namba ya kiwanja. Soma jina la mmiliki herufi kwa herufi, kisha shuka hadi panapotajwa madeni na vizuizi: rehani ya benki hukaa hapo kimya. Upekuzi aliokutumia wakala kwa WhatsApp si upekuzi.

Sasa piga hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 4 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 9, hudai takriban 36,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 14, karibu 50,000. Kikokotoo cha benki kitakuonyesha hilo, ila mara nyingi hunyamazia ada ya wakili na ushuru wa stempu, ambao mjini kwa kawaida ni asilimia 4 ya thamani.

Uliza pia kama sacco yako hupata fedha za KMRC, kampuni inayowapa wakopeshaji fedha za mikopo ya nyumba. Huenda riba ikapungua.

Nyumba za serikali? Jisajili mwenyewe kwenye tovuti yake, Boma Yangu. Anayetaka umtumie hela ya M-Pesa ili “akusukumie” jina, mkatie simu.