Deni Halimpeleki Mtu Mahabusu: Somo kwa Wakazi wa Kanombe

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Msemo huu hutujia kila mara mwananchi anapofika kituoni akiwa na hati ya deni mkononi, akiomba jirani yake afungiwe "hata siku mbili tu, apate adabu." Uchungu wake twauelewa, kwani huenda fedha alizokopesha ndizo ada za shule za watoto wake. Hata hivyo, ombi hilo halikubaliki kisheria. Katika somo hili tutaeleza sababu, kisha tutaonyesha mahali anapopaswa kubisha hodi.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Kabeza aliyemkopesha jirani yake faranga 200,000 za kuanzisha biashara ya mkaa. Waliandikiana na kutia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Biashara haikusimama, muda ukapita, deni likabaki. Je, jirani huyo ametenda jinai?

La, hajatenda. Mkataba umevunjwa, na hilo ni shauri la madai. Ibara ya 29 ya Katiba ya Jamhuri ya Rwanda inakataza mtu kuzuiliwa kwa sababu ya kushindwa kutimiza masharti ya mkataba. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1975, inakataza vilevile kumfunga mtu kwa sababu hiyo peke yake.

Hali ingekuwa nyingine kama mkopaji angetumia jina la uongo au hila tangu mwanzo ili ajipatie fedha. Hapo pana shaka ya utapeli, na malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB), iliyoundwa mwaka 2017. Lakini kumwita mdaiwa tapeli ilhali unajua hakudanganya, kwa nia ya kumtisha tu, ni kumsingizia.

Mahali pa kubisha hodi

Shauri kama hili huanzia kwa Abunzi, yaani kamati za wapatanishi zilizowekwa kisheria tangu mwaka 2004. Wajumbe wake ni watu waadilifu waliochaguliwa kutoka miongoni mwa wakazi. Hawalipwi mshahara, wala mwananchi hatozwi ada. Mlalamikaji humwendea katibu mtendaji wa akagari, na shauri lake huandikwa katika daftari. Wapatanishi watatu huwasikiliza wahusika wote wawili na mashahidi wao. Kwanza hujaribu kuwapatanisha. Wasipopatana, hutoa uamuzi.

Asiyeridhika hukata rufaa kwa Abunzi wa ngazi ya umurenge, kisha katika Mahakama ya Mwanzo. Azingatie muda wa rufaa uliowekwa, kwa maana wengi hupoteza haki yao kwa kuchelewa tu.

Uamuzi ukishakuwa wa mwisho na mdaiwa akakataa kulipa, mlalamikaji huomba muhuri wa utekelezaji katika Mahakama ya Mwanzo. Baada ya hapo, mtekelezaji wa hukumu anayetambuliwa na sheria ndiye mwenye mamlaka ya kukamata mali. Mdai akijichukulia pikipiki au magodoro ya mdaiwa, yeye mwenyewe anaweza kujikuta mshtakiwa.

Haki na wajibu vyaenda pamoja

Anayedai ana haki ya kulipwa, na ana wajibu wa kuhifadhi maandishi na kufuata utaratibu. Anayedaiwa ana haki ya kutozuiliwa na ya kusikilizwa, lakini asiifanye haki hiyo kuwa maficho: anapaswa kuitika wito na kupendekeza namna ya kulipa, hata kidogo kidogo. Dawa ya deni ni kulipa. Shahidi naye ana wajibu wa kufika na kusema kweli bila kumpendelea jamaa au rafiki.

Sisi polisi tuna wajibu wetu pia. Askari anayemfungia mtu kwa sababu ya deni anakiuka Katiba, hata kama alidhani anamsaidia mnyonge. Mwananchi akitendewa hivyo apige simu ya bure 3511, iliyowekwa kwa ajili ya malalamiko dhidi ya askari polisi. Ugomvi wa deni ukifikia vitisho au kupigana, apige 112. Hapo tutafika mara moja, kwa kuwa kulinda usalama wa watu ndiyo kazi yetu.

Maswali ya kujadili baada ya umuganda

1. Kuna tofauti gani kati ya kushindwa kulipa deni na kutapeli?
2. Katika akagari lako, je, unawafahamu Abunzi kwa majina?
3. Mara ya mwisho ulipomkopesha mtu fedha, mliandikiana?

Atakayejibu "hapana" kwa swali la tatu aanze na hilo leo. Karatasi moja yenye sahihi mbili na mashahidi ingeweza kuzuia magomvi mengi yanayofika kituoni.