Barua pepe zinazojituma: mimi huanza na wa kuacha kuzipokea

Wanaoniuliza kuhusu kupanga mfululizo wa barua pepe zinazojituma huanza na barua ya kwanza: niandike nini, niweke picha gani. Mimi huanza kwingine. Kabla ya sentensi yoyote, naandika kwenye karatasi nani anatakiwa kuacha kupokea barua hizi. Aliyekwisha kununua. Aliyejiondoa. Aliyefika mwisho bila kugusa kiungo hata kimoja. Mtu aliyelipa jana, halafu leo asubuhi akaletewa barua ya kumbembeleza anunue, anajua papo hapo kwamba upande wa pili hakuna anayemfahamu. Kumrudishia imani si kazi ndogo.

Nauza kahawa ya arabika kutoka Kilimanjaro, iliyokaangwa. Mtu anaacha anwani yake kwenye tovuti ili apate mwongozo wa kupika kahawa nyumbani bila mashine, na kuanzia hapo barua tano zinamfuata kwa zamu.

Kwa sisi tunaolipwa kwa lipa namba, kumtoa aliyenunua ndiko kwenye kazi hasa. Programu kama Mailchimp, MailerLite na Brevo huungana kwa urahisi na maduka ya mtandaoni yanayopokea kadi. Malipo ya M-Pesa yaliyoingia moja kwa moja kwenye simu yako hazitayaona. Kwa hiyo fomu yangu ina nafasi ya jina, barua pepe na namba ya simu, na nimeeleza hapo hapo kwamba namba ni ya kulinganisha malipo tu. Kila jioni tunapitia meseji za malipo, tunatafuta namba kwenye orodha, na kila aliyelipa anawekewa lebo ya “amenunua”. Sharti la mfululizo ni fupi: mwenye lebo hiyo anatoka, anahamia kwenye barua za wateja. Barua za kuuza hutoka asubuhi tu, yaani baada ya lebo za jioni kukamilika. Mpangilio huo mdogo wa saa una thamani kuliko pambo lolote utakaloweka kwenye barua.

Hakikisha pia saa za akaunti ni za Afrika Mashariki, UTC+3. Usipoangalia, barua uliyoipangia saa 1 asubuhi inaweza kumfikia mtu saa tofauti kabisa.

Kuna jambo la watu wetu ambalo miongozo ya nje hailigusi. Wengi wana Gmail kwa sababu simu ya Android iliwataka wafungue akaunti walipoiwasha, na hawaiingii. Maisha yao yako WhatsApp. Ndiyo maana ukurasa wa shukrani, ule unaotokea baada ya kujisajili, naupa uzito kama barua yenyewe. Unamwambia: fungua Gmail sasa hivi, tafuta barua yenye jina letu, usipoiona angalia kwenye matangazo au kwenye spamu, kisha bonyeza kiungo cha kuthibitisha. Uthibitisho huo siuachi kamwe. Unazuia anwani zilizokosewa herufi, na unabaki kuwa kumbukumbu kwamba mtu alikubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi.

Sehemu ya kiufundi inaogopwa bila sababu. Tuma kwa kutumia domeini yako mwenyewe, usitumie anwani ya Gmail. Programu itakupa mistari michache ya SPF, DKIM na DMARC, yaani alama za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Inakili, uibandike kwenye mipangilio ya DNS pale uliponunua domeini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wa Gmail lazima awe na zote tatu, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Hata mwenye orodha ndogo aweke zote. Kisha jitumie barua, ifungue Gmail kwenye kompyuta, chagua kuona ujumbe asilia, na uangalie kama zote tatu zimepita.

Sasa barua zenyewe. Ya kwanza inaenda dakika ile ile ya kuthibitisha, na mwongozo uko ndani ya barua, haujaambatishwa: gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji, maji yatulie kidogo baada ya kuchemka, kahawa ikae dakika 4, chuja. Hakuna picha nzito, kwa sababu bando ni pesa ya msomaji, na maandishi ni mafupi, kwa sababu Gmail hukata barua ambayo HTML yake inazidi kilobaiti 102. Ya pili, baada ya siku mbili, inaeleza ukaangaji na usagaji.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ina swali moja tu: unapikia nini kahawa yako? Chini yake kuna viungo vitatu, sufuria, presi na moka, na kila kimoja kinampa msomaji lebo yake. Ya nne ndiyo ya kuuza, na inamtajia usagaji unaofaa chombo alichokitaja mwenyewe. Asiyejibu anapata ya jumla. Ya tano inamuuliza kama angependa kuendelea kutusikia. Akinyamaza, anatolewa kwenye orodha. Zote zinatoka kwenye anwani inayosomwa na mtu, na majibu tunayajibu.

Usipime kwa idadi ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 Apple hupakua picha za barua kabla mtu hajaifungua, kwa wanaowasha ulinzi wa faragha katika Mail, na hesabu hiyo imeharibika. Hesabu mibonyezo, majibu na oda.

Kabla ya kuwasha, jisajili kwa anwani tatu zako. Moja ipe lebo ya “amenunua” baada ya barua ya pili, moja iondoe kwenye orodha, ya tatu iache bila kugusa chochote. Punguza muda wa kusubiri uwe dakika chache, ukae nazo. Ile ya kwanza ikipata barua ya nne, kuna sharti halijakaa sawa. Usiwashe chochote mpaka ulione.