Bawabu wa kanisa alikuwa na kazi gani?

SWALI: Nimesoma kwamba zamani kanisani kulikuwa na mabawabu wenye cheo rasmi. Je, walikuwa walinzi tu?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Mwaka 251 Papa Kornelio alimwandikia Fabio, askofu wa Antiokia, akiorodhesha wahudumu wa Kanisa la Roma: mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, wakoliti 42, na wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52 kwa jumla. Kwa hiyo bawabu alihesabiwa pamoja na wahudumu wa Kanisa.

Uzito wa kazi yake ulionekana ibada ilipofika katikati. Baada ya masomo na mahubiri, wakatekumeni, yaani wale waliokuwa bado kubatizwa, waliagwa watoke. Mlango ukafungwa, wakabaki waliobatizwa kwa Ekaristi. Mkono uliokuwa mlangoni ulipaswa kuwa wa mtu anayewajua waumini kwa sura, na mwenye busara ya kumzuia mtu bila kumdhalilisha. Mimi naiona kuwa huduma nzito kweli. Huko Siria, mwishoni mwa karne ya 4, mabawabu walisimama kwenye mlango wa wanaume, na mashemasi wa kike kwenye ule wa wanawake.

Baadaye, katika nchi za Magharibi, bawabu alikabidhiwa funguo za kanisa siku ya kuwekwa rasmi. Papa Paulo VI alikifuta cheo hicho katika Kanisa la Kilatini mwaka 1972.