Mkaa Ukiungua Unakwenda Wapi? Tujifunze Mabadiliko ya Kikemikali

Ndugu wanafunzi, kila jioni hapa Kinyerezi majiko ya mkaa huwashwa, na asubuhi yake hubaki majivu yasiyojaa hata kikombe. Tukiwauliza mkaa umekwenda wapi, wengi wenu hujibu: "Umekwisha." Katika makala haya tutaonesha kuwa jibu hilo si sahihi, na kwamba kulijua jibu lililo sahihi kunaweza kuokoa maisha ya watu wa nyumbani kwenu.

Kwanza tutofautishe aina mbili za mabadiliko. Katika badiliko la kiumbo kitu hubadilika sura tu, asili yake ikabaki ile ile. Maji ya bahari yakianikwa juani katika mashamba ya chumvi kule Bagamoyo, maji huwa mvuke na chumvi hubaki. Chumvi hiyo haikuzaliwa pale. Ilikuwamo tangu mwanzo, takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji ya bahari. Kupasua gogo kwa shoka nako ni hivyo hivyo, vipande ni mti ule ule. Lakini gogo likifukiwa katika tanuri la mkaa, kinachotoka si mti tena. Hilo ni badiliko la kikemikali: hupatikana kitu kipya chenye tabia zake.

Tutalitambuaje? Dalili zipo, kama vile kutoka joto au mwanga, kugeuka rangi, harufu mpya, au gesi. Kamulieni ndimu juu ya magadi muone povu linavyofoka. Hata hivyo, msihukumu kwa dalili moja. Maji yakichemka hutoa mapovu mengi na bado ni maji. Swali la kujiuliza ni hili: je, kimepatikana kitu kipya?

Sasa turudi kwenye mkaa. Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni, nayo inapoungua huungana na oksijeni iliyomo hewani. Kilo 12 za kaboni tupu zikiungua vizuri huchukua kilo 32 za oksijeni, na hutoka kilo 44 za kabonidayoksaidi. Kumbe gesi iliyotoka ni nzito kuliko mkaa wenyewe! Atomu hazikuongezeka wala kupungua, zimebadilisha jirani tu. Hii ndiyo kanuni ya uhifadhi wa maada. Mfaransa Antoine Lavoisier aliipima kwa mizani katika karne ya 18. Alipasha moto madini ya bati (si mabati ya kuezekea) ndani ya chombo kilichozibwa, na uzito wa chombo haukubadilika. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kishindo kuziba nafasi ya ile iliyoungana na madini.

Mfano mwingine tunao mtaani kwetu. Bomba la gesi kutoka Mtwara, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 500, lilizinduliwa Oktoba 2015, nalo hufika hapa hapa Kinyerezi kwenye mitambo ya umeme. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani. Kilo 16 za methani huungua na kilo 64 za oksijeni, jumla kilo 80. Zinatoka kilo 44 za kabonidayoksaidi na kilo 36 za maji, jumla kilo 80 vilevile. Ndiyo, maji hutoka motoni, ila yako katika hali ya mvuke.

Wazee wetu wa pwani waliitumia elimu hii bila mizani za maabara. Misikiti ya kale ya Kilwa Kisiwani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe: kilo 100 za jiwe, lau lingekuwa safi kabisa, hubaki kilo 56, na kilo 44 hupaa zikiwa kabonidayoksaidi. Chokaa hiyo hutiwa maji ikachemka yenyewe. Ikishapakwa ukutani, polepole huirudisha ile gesi kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Sisi tunaona huu ndio mfano mzuri kuliko yote, maana jiwe limesafiri kupitia motoni na hewani likarudi kuwa jiwe.

Tuje kwenye hatari tuliyoitaja. Jiko likiwekwa ndani ya chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua. Hapo kilo 12 za kaboni huweza kupata kilo 16 tu za oksijeni, na hutoka kabonimonoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Damu huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi ambao huenda asiamke. Watu huuamini mkaa ulioshika vizuri kwa kuwa hautoi moshi, kumbe huo nao unatoa gesi hiyo.

Msilale na jiko ndani, hata siku za masika. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanaungua, kwa hiyo jiko litolewe nje kabla ya kufunga mlango. Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni milango na madirisha, mtoeni haraka kwenye hewa safi, na apelekwe hospitali hata kama amezinduka.