Simu inasoma kila kitu ila kazi ya mwalimu

*Mwanangu wa sekondari haoni. Simu humsomea ujumbe wote wa WhatsApp, lakini ikifika kwenye kazi za mwalimu husema "picha" tu, kisha kimya. Nimeambiwa ninunue simu ghali. Ni kweli?*
*Mama, Kisauni*

Mama, weka pesa zako. Simu haina kasoro. TalkBack, programu iliyomo kwenye simu nyingi za Android, husoma maandishi yaliyochapwa. Mwalimu akipiga picha ubao, au akiskani kitabu, kwa simu hiyo ni sawa na picha ya harusi: mara nyingi haisomi herufi zilizomo.

Mwombe mwalimu achape maelezo kwenye ujumbe wenyewe. Mchoro aueleze kwa sauti, akisema "pembe ya juu kushoto", si "hii hapa". Sauti fupi hula bando kidogo kuliko video, na hilo wazazi wenzako pia watalishukuru. Picha za kazi za zamani, programu ya Lookout ya Google hujaribu kuzisoma. Mwandiko wa mkono na hisabati huishinda mara nyingi. Kwa somo la Kiswahili, badilisha sauti ya simu iwe ya Kiswahili, la sivyo atasikia maneno yaliyovunjikavunjika.

Mwalimu akikataa, nenda kwa mwalimu mkuu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwanao haki ya vifaa vinavyomwondolea vikwazo, kwa hiyo huombi hisani. Kama hajawahi kutathminiwa, mpeleke kituo cha tathmini ya elimu maalum, EARC, kabla muhula haujaisha.